Godoro Juu ya Kichanja cha Kahawa

Miaka hiyo nilikuwa natembeza mitumba Tunduma, leo upande huu wa mpaka, kesho upande wa Zambia. Nyumbani Igamba nilikuwa nafika kama mgeni, nakaa siku chache, naondoka. Hata hivyo amri za nyumba nilitoa mimi.

Binti yetu wa kwanza alifikisha miaka sita hajawahi kukauka. Si usiku tu. Hata mchana sketi yake ilikuwa na unyevu. Mama yake aliniambia mapema, tukichambua kahawa.

"Baba, huyu mtoto anakwenda chooni kama wenzake, anamaliza, halafu bado anavuja. Kidogokidogo, kutwa nzima. Tumpeleke hospitali."

"Uvivu tu huo," nikamjibu. "Unamdekeza."

Nikaamuru asipewe chai wala maji kuanzia saa kumi jioni. Na kila asubuhi abebe godoro lake mwenyewe, alitandaze juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, kando ya barabara, kila apitaye alione. Nasi tulilelewa hivyo. Nilidhani aibu inaponya. Jirani mmoja hakupita bila neno: "Jamani, kahawa ya leo ina ramani! Hii Zambia, hii Malawi!" Watu walicheka. Nilicheka pia, na binti yangu aliniona.

Homa zilimrudia, na maumivu ubavuni. Nilimletea vidonge vya malaria kutoka Tunduma, maana kwetu homa ilikuwa malaria, basi. Mkojo wake hakuna aliyeupima.

Siku alipotapika na kutetemeka hadi meno yakagongana, tulimkimbiza hospitali, wakatupeleka Mbeya. Baada ya vipimo, daktari, mama mmoja mpole, alituchorea kwenye karatasi. Mrija mmoja kutoka figo ya kushoto haukuingia kwenye kibofu. Ulifungukia chini yake, mahali pasipo na cha kuuzuia mkojo. Kazaliwa nao hivyo. Mkojo wa mrija ule hata mtu mzima asingeweza kuubana. Maambukizi yalikuwa yakipanda humo na kuila figo, na kumnyima maji hakukumsaidia chochote.

"Figo hii haifai tena, tutaitoa," alisema. "Mngewahi, pengine tungeiokoa. Ameanza lini kuvuja?"

Nikaitazama ile karatasi. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Tangu azaliwe."

"Na hamkuona?"

"Tuliona, daktari. Hatukujua."

Alisema *tuliona*. Hakusema kwamba yeye aliniambia nami nikamkatalia. Nafasi ya kusema ilikuwa yangu. Nikakohoa tu.

Binti alipasuliwa, akarudi nyumbani mkavu, na figo moja. Nilipaswa kubaki, niwaambie wote wawili kwamba kosa lilikuwa langu. Siku ya tatu nilifunga mizigo nikarudi Tunduma. Tangu hapo nimezunguka miji mingi, na maneno hayo sijawaambia.