Visanduku Viwili vya Mvua

Yule aliyeandika programu ya kituo chetu cha kupokea maziwa kabla yangu alikuwa mtu wa mzaha, na mimi ndiye ninayebeba mzaha wake. Kwao mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa: alfajiri, jioni, siku ya wageni, wakati wa mvua. Naye akavipa vitufe na visanduku vyote vya kwenye skrini majina kwa mtindo huo huo. Kitufe alichokitengeneza asubuhi kikaitwa "asubuhi". Na kwa kuwa hapa Kapseret mvua hunyesha sana, visanduku viwili vikaitwa "mvua".

Programu ikitaka kuandika jibu, hutafuta kisanduku kwa jina. Huanzia dirisha kubwa, huingia ukurasa mmoja baada ya mwingine, na ikishapata cha kwanza chenye jina hilo huacha kutafuta. Kimoja kilikuwa kwenye ukurasa wa vipimo, cha pili kwenye ukurasa wa ripoti, nyuma kabisa, kwa hiyo miaka yote hapakuwa na shida. Wiki moja meneja akataka ripoti ije mbele. Nikaisogeza, nikaenda nyumbani. Nilikuwa nimechoka, na bado nimechoka.

Karani wa vipimo alinipigia simu mara mbili kusema kipimo cha pili kinakataa kila mtu. Kipimo cha kwanza ni cha haraka na hukosea. Cha pili ndicho huamua. Nikamwambia azime kompyuta, aiwashe tena. Ndilo jibu langu kwa kila kitu, na wala sikuona haya.

Siku ya tatu nilimkuta mama mmoja kwenye benchi na mtungi wake. Maziwa yake yalikuwa yamekataliwa siku tatu mfululizo, na alishaambiwa kiwele cha ng'ombe wake kimeharibika. Alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu. Aliniomba kwa upole niangalie hiyo mashine. Ilinichukua karibu asubuhi nzima kuona kwamba majibu yote ya kipimo cha pili yalikuwa yakiandikwa kule kwenye ripoti, ambako hakuna anayesoma, huku kisanduku kilicho mbele ya karani kikibaki na neno kinaloanza nalo kila mara: "Imekataliwa". Dawa ilikuwa mstari mmoja tu, utafutaji uanzie kwenye ukurasa wa vipimo.

Nikatoka nikamwambia yule mama maziwa yake ni mazuri, hata ya jana na juzi. Hakufurahi. Aliniuliza kama mimi mwenyewe ninaweza kumwambia mzee wake, yaani mumewe, kwa sababu alipotoka nyumbani mzee alikuwa ameleta mtu wa bucha. Mama alikuwa amemwomba mzee angoje mpaka yeye arudi.

Nikampigia mzee kwa simu ya mama. Nilieleza vibaya, nikaanza na visanduku, nikarudi nyuma, nikaomba radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie akuje haraka," akasema. "Tumeshachuna. Kama anataka maini, huyu mtu anaondoka."