Mwendo wa Saa Moja kutoka Mwanza

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, si ndoto wala hadithi ya kuambiwa. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na kaburi langu haliko mbali. Nikudanganye ili nipate nini?

Wakati wa Mwingereza nilikuwa kibarua kwenye kiwanja cha ndege cha Bukoba. Nilifyeka nyasi, nikafukuza ng'ombe, na ndege ilipokaribia niliwasha majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakoelekea. Kutoka Mwanza, meli ililala majini usiku kucha. Ndege ilitumia saa moja tu.

Siku hiyo ndege ilikuwa inamleta kaka yangu, Zakaria. Kifua kilikuwa kimemlaza hospitali huko Mwanza, na bwana aliyemwajiri alimlipia nauli ili, akiwa angali hai, amwone mama yetu kule Muleba. Ikaja simu kwamba ndege imeondoka saa tatu kamili.

Saa tatu na nusu nilikuwa nachochea moto. Mtu akaja kutoka upande wa ziwa, miguu mitupu, amevaa shati la hospitali. Alikuwa Zakaria.

Niamini, kwanza sikuogopa. Nilihesabu. Ndege bado iko katikati ya maji, huyu amefikaje?

"Mdogo wangu, nipe kahawa nitafune," alisema. "Njia imenikausha kinywa."

Kwetu Wahaya mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya maneno mengi. Lakini tangu kipaimara nilikuwa nimeacha kuibeba. Wazee wetu wa jadi waliapiana udugu kwa kutafuna buni hizo za kahawa, nami katika ujana wangu nilidhani kuikataa kabisa ndio utakatifu.

"Sina, kaka."

Akacheka, kile kicheko chake cha kunichokoza. "Huna? Umeokoka mpaka mfukoni? Haya, mtakatifu wetu. Mama hawezi kukosa."

Akashika barabara ya Muleba.

Nilitaka kumfuata. Ningemwachia nani moto? Na yule rubani, ningemwita kwa sauti gani? Nilijua kinachotokea kule juu ya ziwa, nami nikabaki naongeza majani, naomba, natazama juu. Nimeishi miaka mingi, lakini sijaona muda mrefu kama nusu saa ile.

Ndege ilitua saa nne. Rubani akashuka, akavua kofia. Mgonjwa alikata roho katikati ya ziwa, alisema, akanionyesha kwenye saa yake ya mkono: tatu na nusu.

Jioni lori lilitufikisha Muleba. Mama alikuwa ameketi chini, moto wa jikoni umezimwa, kama mtu aliyekwisha kufiwa. Aliutazama mwili ndani ya blanketi.

"Mbona mnamleta mara ya pili?" aliuliza. "Alifika kabla ya adhuhuri. Nikampa kahawa, akatafuna, akaniaga." Kisha akanigeukia. "Akasema kwako hakupata."

Juu ya nyasi za sakafuni palikuwa na maganda mawili ya kahawa, bado yamelowa.

Namshukuru Mungu kwa mkono wa mama. Tangu siku ile sitoki bila kahawa mfukoni, hata ninapokwenda ibadani, na nikisikia ndege ikija kutoka Mwanza, hutazama barabara kwanza. Nawe, akikusimamisha mtu njiani akakuomba kitu kidogo, mpe. Usijiambie kwamba utamwona tena baada ya nusu saa.