Misalaba Arobaini ya Fundi Grubisha

Mwaka ule wa 1202 Fundi Grubisha alikuwa ameshachoka hata kabla ya vita kufika. Alikuwa na miaka sitini na kitu, magoti yamekwisha, na umri wake wote alikuwa ameumalizia kwenye mbao za watu. Mtoto akizaliwa hapa Zadar, mji wetu wa bandari, kitanda ni kwake. Mtu akifa, jeneza ni kwake. Waveneti wa ng'ambo ya bahari wakituchokoza, na walituchokoza kila walipokosa la kufanya, malango yalizibwa kwa mkono wake.

Kitu kimoja tu alikuwa akijitengenezea mwenyewe, nacho ni mashua. Ilikaa uani, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Krshevan, ya mwaloni aliokuwa akiudunduliza kipande kwa kipande. Ilikuwa ya mkewe, Stana. Stana alianguka ngazini miaka minne nyuma, nyonga haikuunga, na tangu hapo hatua kumi zilikuwa safari. Dada yake alikuwa na nyumba kisiwani Pashman, na Grubisha alikuwa amemwahidi kumvusha.

Novemba habari zikaja kutoka Pula, bandari ya kaskazini: merikebu mia mbili zinashuka, zimejaa Wafaranga waendao kuikomboa Yerusalemu. Nauli hawana, na Waveneti wenye merikebu wamewaambia wailipe kwa kututwanga sisi kwanza. Wenye vyombo wakaanza kuvusha wake zao visiwani. Mashua ya Grubisha ilibakiza lami tu.

"Siku mbili," alimwambia Stana. "Funga nguo zako."

Kesho yake asubuhi akaingia uani Bwana Madije, mjumbe wa baraza la mji, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Fundi, baraza linataka misalaba arobaini. Mirefu kama mtu. Tunaitundika nje ya ukuta, pande zote."

"Ya nini?"

"Wale jamaa wameshona misalaba mabegani. Wakiiona yetu watajua sisi ni Wakristo wenzao. Papa mwenyewe ameshawakataza wasituguse. Nani atarusha jiwe limpige Bwana wake?"

"Mveneti," akasema Grubisha.

"Huyo atarusha, sibishi. Mfaranga je? Hata mfalme wetu kavaa msalaba huohuo."

"Haya. Mbao ziko wapi? Zote mmezipeleka malangoni."

Madije akageuza kichwa. Alikuwa anaitazama mashua.

Grubisha alikataa, na kwa maneno ambayo mjumbe wa baraza hakuzoea kuambiwa. Alikuwa katikati ya kumtaja mama yake Madije wakati sauti ilipotoka dirishani.

"Grubisha. Mpe."

"Wewe tulia. Hujui anachoomba."

"Nimesikia chote. Kibovu ni kiuno, masikio mazima. Mpe."

"Na Pashman nikupeleke na nini, ungo?"

"Misalaba ikiwazuia, Pashman naenda kutafuta nini? Na ukiwanyima, jiwe likaangukia watoto wa hapo jirani, nitakula vipi samaki kwa dada yangu? Siwezi, mzee wangu. Nijue hivyo halafu nile samaki?"

"Na ukiwa umekosea?"

"Basi nimekosea na mji mzima."

Na kweli ulikuwa mji mzima. Mtu wa mbali atatuona wajinga, lakini sisi tulikuwa na desturi yetu. Wanaume wakishikiana visu sokoni, mwanamke yeyote wa karibu alichukua msalaba ulioko ukutani kwake, akaenda kuusimamisha katikati yao, na visu vilirudi kiunoni. Hata walevi waliutii. Stana mwenyewe alikuwa amefanya hivyo mara tatu, enzi za kutembea kwake. Hatukuwa tumewahi kumwona mtu aliyeuona msalaba akaendelea.

Grubisha akaivunja mashua. Siku mbili zilezile za lami alizitumia kung'oa misumari na kuzitenganisha mbao alizokuwa amezipinda kwa mvuke na subira. Zilitoa misalaba thelathini na tisa. Wa arobaini aliupata kwenye mlango wa banda la kuku.

Maadui walifika sikukuu ya Mtakatifu Martini, wakaukata mnyororo uliofunga mdomo wa bandari, wakapiga mahema. Misalaba ilikuwa inaning'inia. Siku ya kwanza hakuna aliyerusha hata kokoto. Watu walisema wamewaona Wafaranga wengine wamepiga magoti huko chini, wanaukabili ukuta. Mjini watu walilia kwa furaha, na Stana akamwita mumewe mzee wa kununa.

Kisha mawe yakaanza.

Grubisha alikuwa juu ya ukuta, kazi yake kuziba pale panapobomoka. Aliujua kila msalaba, ubao gani umetoka ubavu gani wa mashua, na aliiona ikipasuka mmoja baada ya mwingine. Kila jioni alishuka hoi, vumbi mpaka kwenye kope, na Stana alimwuliza swali lilelile.

"Imesimama?"

"Imesimama."

Alimdanganya hivyo siku tano. Hakuwa na nguvu ya kusema kingine.

Mji ukasalimu amri sikukuu ya Krshevan, mtakatifu wetu mwenyewe. Waveneti wakachukua upande wa bandari, Wafaranga upande wa pili, na nyumba ya Grubisha ikapata watu wanane wenye mbwa. Akamfunga Stana mgongoni kwa kamba, wakatoka kwa lango la bara pamoja na wengine, kushika njia ya mji wa Nin.

Nje ya lango Stana aligeuza shingo, akauona ukuta. Zilikuwa zimebaki kamba tupu na vipande.

"Ulisema imesimama."

"Nilisema."

Grubisha aliikaza kamba kifuani. Alimsikia analia kimyakimya shingoni mwake, na hilo lilimwuma kuliko magoti.

"Mimi ndiye niliyesema uitoe," akasema Stana.

"Mimi ndiye niliyeivunja. Nyamaza sasa, unazidi uzito."

Kabla ya saa moja kwisha magoti yaligoma. Walianguka wote wawili, Grubisha akajaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Watu walipita. Kila mmoja alikuwa na wa kwake mgongoni, na waliokuwa mikono mitupu walitazama mbele. Bwana Madije alipita na mkokoteni umejaa masanduku. Alisema, "Pole, fundi," akapita.

"Niache hapa," Stana akasema. "Nenda ukatafute mtu."

"Nikamtafute wapi? Watu si ndio hawa?"

Hapo ndipo akaja Mfaranga, peke yake, kutoka mjini. Mtu mzima mwenye mvi ndevuni, msalaba mwekundu begani, ngao mkononi. Grubisha akashika shoka dogo lililokuwa kiunoni. Mfaranga akaliona. Akasema kitu kwa lugha yao, akampa Grubisha ngao aishike, kisha akachuchumaa mbele ya Stana, akampa mgongo ampande.

Shingo yake ilikuwa wazi. Pigo moja lingetosha, na Grubisha alilitaka lile pigo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, mashua ikiwemo. Stana akamtazama mumewe. Kisha akanyoosha mikono, akamkumbatia yule mtu shingoni.

Grubisha akajikongoja, akainuka, akawafuata na ile ngao.

Walimpita Madije, ambaye mkokoteni wake ulikuwa umenasa.

"Umeshaajiriwa nao, fundi?" akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote.

Grubisha akaipandisha ngao begani. Aliingia Nin hivyohivyo, mchana kweupe, mbele ya majirani zake wote, amebeba ngao ya adui. Mfaranga akamlaza Stana kwenye ngazi za kanisa, akachukua ngao yake, akarudi kule wenzake walikokuwa wanalala vitandani mwetu.

Stana aliishi miaka miwili zaidi. Grubisha hakupata tena kazi kwa mtu wa Zadar. Walimwita Mbeba Ngao mpaka alipokufa, na watoto wa majirani wakamwita hivyo bila kujua sababu. Mara moja padri wa Nin alimwuliza kwa nini hakupiga, shoka likiwa mkononi.

"Nilikuwa nimechoka, baba," akasema. "Na katika wote waliopita, yeye ndiye aliyeinama."