Zacharia Gathogo na Wana wa Yakobo

Kama kulikuwa na mtu Ruiru ambaye pombe yenyewe ilimwogopa, ni Zacharia Gathogo. Alikuwa nyapara kwenye shamba moja la kahawa, alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyebuni kile kipimo cha walevi. Mshukiwa alisimamishwa mbele ya wazee jioni, akaambiwa ataje wana wa Yakobo wote, kuanzia Reubeni mpaka Benyamini, bila kukwama. Ukikwama, umekunywa. Wakristo kadhaa walipoteza viti vyao kanisani kati ya Naftali na Gadi, na Zacharia akaenda nyumbani akalala usingizi mzuri.

Mkewe, Wakonyo, alikipenda sana kipimo hicho. Babake alikuwa mlevi wa kupiga watu, kwa hiyo siku ya kuposwa alimwambia Zacharia wazi: siku ukinywa, mimi narudi kwetu Gatundu. Zacharia akasema sawa. Ilikuwa ahadi rahisi, maana hakuwa ameonja hata muratina, ile pombe ya harusi.

Basi mwaka wa hamsini na saba, msimu wa kuchuma, mambo yakaanza. Asubuhi Zacharia alikuwa Zacharia. Alifoka mpaka wachumaji wa mstari wa mwisho wakamtukana chini chini. Lakini jioni, wakati wa kupima madebe, kope zilimshuka, sauti ikapitia puani, maneno yakayeyuka. Githeri ilimshinda kutafuna. Alishika kidevu kwa mkono akakisukuma juu na chini. Akilala, asubuhi ameamka mzima. Sasa wewe niambie, mtu wa kulegea jioni na kuamka mzima, watu watasema ana nini?

Walisema hivyo hivyo.

Wakonyo alitafuta kibuyu chini ya kitanda, akatafuta ghalani, akatafuta hata penye kuku anayeatamia, na kuku akamdonoa. Hakupata kitu. Mwishowe aliwaambia wazee wa kanisa. Angemwambia nani mwingine?

Wazee wakaja jioni moja wakiongozwa na Ephantus, fundi wa viatu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Ephantus alinusa mdomo wa Zacharia kwa muda mrefu.

"Hakuna harufu," akasema.

"Hapo ndipo pabaya," akasema mwenzake. "Hiyo itakuwa ile ya wazungu."

"Mzee Zacharia," akasema Ephantus, "taja wana wa Yakobo."

Zacharia alifurahi, kusema kweli. Aliinua kichwa ili aone chini ya kope, akaanza kwa sauti ya Jumapili. Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda. Isakari alitoka vizuri. Zabuloni alitoka kwa pua. Dani alisikika kama Nani. Naftali alikuwa upepo tu. Gadi na Asheri hawakuja, Yusufu akabaki shimoni, na Benyamini, mdomo haukujaribu hata kumwita.

Wazee waliangalia chini. Ephantus akasema neno litatolewa kanisani Jumapili, wakavaa kofia zao, wakaenda.

Wakonyo alitandaza shuka sakafuni, akaweka nguo za watoto, sufuria ndogo na Biblia, akafunga fundo la mtu ambaye hana nia ya kulifungua karibuni. Zacharia alikuwa ameshikwa na woga mkubwa kuliko siku askari wa Hali ya Hatari walipomtoa kitandani kwa bunduki. Alitaka kumwambia asiende. Akanywa chai kwanza, alainishe koo. Chai ikapanda, ikatoka puani.

"Ngai!" Wakonyo akasema.

Babake alikuwa ametapika kila mahali pa nyumba, lakini puani namna hii, hapana. Alimshika mumewe uso, akaziinua zile kope kwa vidole gumba. Macho yenyewe yalikuwa meupe, safi, na yalimtazama kwa hofu. Ya babake yalikuwa mekundu mwaka mzima.

"Baba Waceke, wewe ni mgonjwa," akasema. "Na mimi nimekushtaki."

Asubuhi waliomba pasi, kile kibali cha kusafiri cha siku hizo, waende hospitali ya Thika. Njiani Wakonyo akampitia Ephantus kibandani kwake. "Wewe ndiye ulinusa," akamwambia. "Twende ukanuse na daktari akiwa hapo." Ephantus aliweka nyundo chini akafuata. Kama ni toba au ni kumwogopa yule mama, mimi sijui.

Kilichomsaidia Zacharia ni foleni. Alifika kwa daktari, Mhindi mmoja wa miwani, akiwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Zamu yake ilipofika ilikuwa alasiri, na kope ziko chini. Daktari akamwambia ahesabu kwa sauti. Zacharia akaanza na Reubeni. Kwenye Zabuloni daktari alimsimamisha, akaenda kuchukua sindano.

"Wewe ni nyapara?" akauliza. "Basi ubongo ndio nyapara, na mshipa wa fahamu ndio unaopeleka amri kwa msuli. Lakini haugusani na msuli. Kuna mwanya mdogo hapo, na mshipa humwaga dawa yake ili amri ivuke. Halafu mwili huifuta dawa hiyo mara moja. Msuli wako unasikia kwa shida. Ukiitwa mara ya kwanza unaitika. Ukiitwa tena na tena, amri inafika hafifu, msuli unakaa. Ukipumzika, unasikia tena. Sindano hii itazuia dawa isifutwe haraka."

"Ina pombe?" Ephantus akauliza.

Daktari alimtazama. "Haina."

Sindano ikachomwa, wakangoja. Tumbo la Zacharia likanguruma, mate yakamjaa, akaenda chooni mbio, na Ephantus akatikisa kichwa. Aliporudi, kope zilikuwa juu, zote mbili. Alisimama katikati ya chumba bila kuambiwa na mtu, akawataja wana wa Yakobo wote, na Benyamini akatoka kwa kishindo kikubwa hivi kwamba mgonjwa mmoja kule nje akaitika, kwa kuwa ndilo jina lake.

Wakonyo alilia bila kujificha. Ephantus akavua kofia.

"Wale tuliowatoa," akaanza.

"Tutawaita," Zacharia akasema. "Wote."

Daktari hakuwadanganya. Ugonjwa huu hauishi, alisema, unatunzwa tu. Tembe zingetoka Nairobi wiki ile nyingine, na nguvu ya sindano ingekwisha jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo Zacharia aliongea njia yote ya kurudi Ruiru. Aliongea habari za kahawa, za mvua, za kuku aliyedonoa watu, mpaka Ephantus akahama kiti kwenye basi.

Walipofika nyumbani mzigo ulikuwa pale pale sakafuni. Zacharia aliuona, akaanza kusema kitu, kikatoka kwa pua, akaacha. Kope zilikuwa zimeanza kushuka.

Wakonyo alimketisha kando ya mzigo. Kwa mkono mmoja akamwinulia kope ya kulia, na kwa ule mwingine akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa gumu, na mkono mmoja ni mmoja, kwa hiyo alikawia. Lakini ile kope hakuiachilia, ili mumewe aone mwenyewe.