Chumvi ya Sufuria Kubwa

Mwaka huo, wa ishirini na moja tangu ashike mwiko, Mama Mwiko aliapa kwamba ndio wa mwisho. Hakuna aliyemsadiki, maana mwaka jana aliapa hivyo hivyo, tena mbele ya watu. Kila baridi ikiisha na miti ya barabarani ikianza kuchipua, mtaa wao hula pamoja katika ukumbi wa shule, na yeye ndiye husimama kwenye sufuria kubwa ya maharage tangu alfajiri.

Kazi yake hasa ni kufua mashuka ya hospitali. Siku sita kwa juma husimama penye mashine, na hii ya saba, badala ya kulala, alikuwa hapa anakoroga huku magoti yakimuuma. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, uchovu ambao hata usingizi hauondoi.

Basi kwa nini asiache? Jikoni mle mlikuwa na sheria moja: chumvi hutiwa na mkono mmoja tu, wa mwenye mwiko. Zamani walitia watu watatu, kila mmoja kwa nia njema, na mtaa mzima ukashinda bombani kwa kiu. Tangu hapo chumvi ikawa yake. Kazini hakuna anayemuuliza lolote, na wanawe wameshakwenda zao. Lakini siku hiyo moja watu mia mbili husubiri mkono wake. Na mkono wenyewe ulikuwa na siri. Tangu ile homa ya mwaka juzi, ulimi wake hauonji kitu. Chai, pilipili, dawa, vyote kwake ni maji matupu. Alikuwa akitia chumvi kwa kukadiria, roho juu, na mara mbili mambo yakaenda salama.

Mwaka huu fundi seremala alimjia na habari za benchi mbili zilizolegea miguu.

"Mama, niziweke wapi?"

"Ziweke nyuma. Na wewe usikae hapo, na hilo tumbo."

Aliporudi kwenye sufuria, hakukumbuka kama ameshatia chumvi. Alitazama kiganja; alikuwa amekipangusa. Alionja, akapata moto tu. Watu walishaanza kuingia.

Karibu yake alikuwepo wifi yake peke yake, dada wa mumewe, akikata kabichi. Miaka thelathini wametaniana, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake kitu.

"Wifi, njoo uonje."

Wifi aliweka kisu chini, akaonja, akavuta kopo la chumvi. Akatia viganja vitatu, akakoroga, akaonja tena, akatia kidogo. Hakusita hata mara moja.

"Nani kakufundisha kipimo?"

"Mwaka juzi ulitia nusu, nikaongeza. Mwaka jana ulizidisha, nikamwaga ndoo nzima ya maji humo ulipokwenda chooni."

"Kumbe ulijua."

"Wifi, kwangu ulikunywa chai niliyotia chumvi kwa makosa, ukaniambia nimezidisha sukari."

Mama Mwiko aliona aibu, kisha hasira. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuja huku kufanya nini?"

Mama Mwiko alimkabidhi mwiko, akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla chakula hakijaisha. Miguu ilimshukuru papo hapo. Akaletewa sahani.

"Mama, mwaka huu chumvi imekaa sawasawa," alisema seremala, mdomo umejaa. "Mkono wako haujazeeka."

Alimtazama wifi yake kule kwenye moshi, mgongo umepinda kidogo, akipakua. Kukubali sifa ile kungekuwa rahisi sana.

"Ametia wifi yangu," alisema. "Na mwaka jana pia ni yeye."

Seremala akageuka kutazama kwenye sufuria. Mama Mwiko akaendelea kula, maana alikuwa na njaa tangu alfajiri.