Senti ya Dani

Dorca Aloo anauza samaki wa kukaanga mtaani Nyalenda, na majirani wanamjua kwa sufuria zake zinazong'aa kama kioo. Hapendi kitu chenye weusi. Ndiyo maana nyanya yake, ambaye nyumbani wote humwita Dani, alipompa mkufu wake wa senti za wakati wa mkoloni, zile zenye tundu katikati, aubadilishe uzi, Dorca hakuishia kwenye uzi. Alizisugua senti zote kwa jivu na waya wa kusugulia sufuria mpaka zikawaka. Alipokuwa akizisuuza, moja ikamponyoka na kutumbukia mtaroni.

Dani anaishi Sondu. Macho yake hayaoni tena, lakini kila jioni hupitisha vidole kwenye mkufu huo aliouvaa ngomani akiwa msichana. Pengo la senti moja angeligundua kabla chai haijapoa.

Basi Dorca akaenda mjini kwa Mzee Wechuli, anayeuza sarafu za kale katika kiduka chembamba nyuma ya fundi wa saa. Mteja mmoja mwenye tai alikuwa ameketi kwenye kaunta, trei mbele yake, akitazama sarafu kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya trei Dorca akaiona senti yenye tundu, nyeusi, sawa kabisa na ile iliyopotea kabla hajaisugua. Akanyoosha mkono.

"Mama!" Wechuli akamzuia. "Huo mkono umetoka wapi?"

"Kwa samaki, Mzee. Lakini nimenawa."

"Hata kama. Hiyo trei iko mbele ya Bwana Okinyi. Akimaliza, nitakuletea. Na sarafu tunashika ukingo, hatushiki uso."

"Kuna ingine kama hiyo?"

"Ni hiyo tu."

Dorca akaketi kwenye benchi, ulimi ukimwasha. Angesema tu, "Hiyo imechakaa," huenda mwenye tai angeiacha. Lakini kwenye meza yake mwenyewe, mtu anayemsema vibaya samaki ambaye mwenzake anamchagua hufukuzwa kwa mwiko wa mafuta. Akafunga mdomo.

Okinyi akalipa, akaitia senti ile kwenye kibahasha.

"Sasa naweza kuongea?" Dorca akauliza.

"Sasa ongea mpaka Yesu arudi," Wechuli akasema.

Dorca akautoa mkufu kwenye leso, akaeleza yote. Okinyi akaweka kioo juu ya senti moja, kisha ya pili, uso umemkunjamana kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Na jivu."

"Woi! Mama, umezichuna ngozi! Ule weusi ndio umri wao."

"Kwetu, kitu cha mtu hakirudishwi kikiwa kichafu."

"Hapa kwangu kinarudishwa hivyo hivyo," Wechuli akasema.

Okinyi akacheka, kisha akamtazama Dorca. "Na mbona hukusema shida yako kabla sijalipa?"

"Ilikuwa mbele yako, Bwana. Hata mimi sipendi mtu aniingilie mteja akichagua samaki."

Okinyi akakigeuzageuza kile kibahasha. Alikuwa ameitafuta senti kama ile kwa muda mrefu. Mwishowe akakisukuma juu ya kaunta.

"Nirudishie ile pesa nimelipa, basi. Mimi nitapata ingine. Dani hana muda wa kungoja. Lakini apa kwamba hutaisugua."

"Haki ya Mungu."

Jumapili Dorca alipanda kwenda Sondu, mkufu umekamilika, senti ngeni ameificha katikati ya zile nyingine. Akamimina chai, akamwekea Dani mkufu mapajani. Vidole vya kikongwe vikaanza safari yao, senti baada ya senti, vikiteleza juu ya zile zilizosuguliwa. Vilipofika kwenye ile nyeusi, vikasimama.

Dani akaipapasa ile senti, akatabasamu.

"Hii naijua," akasema. "Hizi zingine ni za nani?"

Dorca akasogeza kigoda karibu, na chai ikapoa akieleza.