Dua ya Mama Nura Kwenye Kaseti

"Mama Nura, zile dua tatu, Mungu alipokea ipi?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza. Aliendelea kuchambua maharage.

Jina lake ni Mwanasiti. Vita ilimleta mtaani kwetu Buyenzi kutoka mtaa wa Kamenge, yeye na binti yake Nura, wakapanga chumba uani kwetu. Aliuza vitumbua. Lakini mtaa ulimjua kwa sauti: kwenye matanga, wanawake walimwita yeye aombe dua, wao waitikie amina.

Siku moja akaja Valéry, mwimbaji anayesikika sana redioni, na pikapu ya mchele kwa waliokimbia vita. Kwetu, ukipewa sadaka unainua mikono, unamwombea aliyetoa. Mama Nura akafanya hivyo. Mpiga video aliyekuja na Valéry akasema kamera ilikuwa haijawaka.

"Rudia, mama. Na ulie kidogo."

Akarudia. Pikipiki ikapita, ikaharibu sauti. Akarudia tena. Mchele ulikuwa bado juu ya gari.

Baada ya miezi miwili kaseti mpya ya Valéry ilikuwa madukani. Juu, picha ya Mama Nura analia. Ndani, wimbo wa kwanza unaanza na dua yake: "Yarabi, mjalie huyu kijana…" Gereji zote ziliupiga. Akipita, mafundi wanaitikia kwa pamoja, "Aaamina! Mama Nura, ombea na hii motere iwake!"

Kwenye matanga yaliyofuata alisema "Yarabi" tu, msichana mmoja akacheka. Hakumaliza.

Nilimsindikiza kwa Valéry, mtaa wa Kibenga. Nyumba mpya, bado inanuka rangi.

"Mutoto wangu, toa sauti yangu mule," akamwambia. "Sitaki kingine."

"Lakini mama, ile kaseti ni ya kusaidia wakimbizi!"

"Mukimbizi ni mi."

Valéry akacheka, wala si kwa ubaya. "We ni vedette sasa, mama, nyota kabisa." Akampa kaseti moja, ameitia saini.

Tangu hapo hakuomba tena mbele za watu. Nura alipokufa kwa malaria, dua aliomba jirani. Mama yake aliitikia amina kama wengine.

Sasa nina miaka kumi na tano. Juzi bibi yangu alifariki, na alikuwa ameacha neno: Mwanasiti ndiye amwombee. Wanawake wote wakamgeukia. Akainua mikono, akakaa hivyo, kisha akaishusha na kutoka nje. Nikamfuata uani, nikamuuliza lile swali langu la zamani.

Safari hii alijibu, sauti yake kavu tu.

"Ya kwanza niliomba kweli. Ya pili nilikuwa naangalia kama wanashusha muchele. Ya tatu nilikuwa najisikiliza, kama sauti yangu iko muzuri. Toka ile siku, nikiinua mikono, najisikiliza. Bibi yako nilimupenda, mwanangu. Muache mwingine amuombee."